Besi Tatu na Seti Moja ya Nyuzi

Vijana wanaopiga muziki katika hoteli za Arua hunijia kuniuliza ni gita gani la besi lililo bora. Wananionyesha picha kwenye simu, moja baada ya nyingine, zote zinang'aa, na mimi huwauliza nyuzi zake ni za lini. Swali hilo haliwapendezi. Walikuja kuambiwa jina la gita, wakakuta mzee anayeulizia umri wa nyuzi kama mtu anayenunua mbuzi. Lakini sina jibu lingine la kuanzia. Nimepiga besi zaidi ya miaka thelathini, mpaka vidole viliponikatalia, na karibu yote ninayoyajua juu ya sauti yake niliyapata katika mwaka mmoja, sabini na nne, kutoka kwa seremala wa Koboko aliyeitwa Taban. Mwaka huu Taban amefariki. Jambo lililotokea kati yake na mimi tulilijua watu wawili tu, sasa nimebaki mmoja, na mimi mwenyewe nimeanza kuchanganya majina ya wajukuu wangu. Kwa hiyo nitaliandika. Habari za wazazi wangu na za shule niliyoikimbia nitaziacha, maana hazina besi ndani yake.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba katika ua wa Mama Mastula, mtaa wa Wanubi, Arua. Alikuwa mjane, mpishi wa arusi, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika barabarani bila juhudi yoyote. Ukuta wa chumba changu ulikuwa pia ukuta wa jiko lake, na kwa hiyo nililala na kuamka katika harufu ya vitunguu na samli. Mimi ni Mlugbara na Mkristo, lakini Mastula alinihesabu miongoni mwa watoto wake na kunitukana kwa kiwango kilekile. Mdogo wake, Rajab, ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi yetu na mpigaji wa solo. Alikuwa mrefu, mtulivu, hana shati lisilopigwa pasi, na aliamini kwamba jambo lolote likisemwa mara moja kwa sauti ya chini limekwisha. Tulifanya mazoezi uani kwa Mastula kila alasiri, saa ambazo mwenyewe alikuwa mitaani akipikia watu, kati ya masufuria yaliyoinamishwa yakauke. Sukari ilikuwa adimu mwaka ule, chai tulikunywa na chumvi kidogo, na hakuna aliyeuliza sana kwa nini, kwa kuwa kuuliza sana hakukuwa na faida.

Besi ya kwanza ya bendi tuliiita Nyekundu. Ilikuwa gita la Kijapani lenye shingo fupi, ambalo Rajab alilipata katika duka mojawapo kati ya yale yaliyoachwa na wenyewe Wahindi walipofukuzwa nchini miaka miwili nyuma. Lilikuwa limekaa dirishani muda wote huo, upande mmoja rangi yake ikaliwa na jua hadi ikawa ya nyanya inayoanza kuiva. Kulishika kulikuwa raha tupu. Lilikuwa jepesi, shingo nyembamba, nyuzi zimelala karibu na mbao, hata mkono mvivu ungeweza kukimbia juu yake. Ubaya wake ulikuwa katika sauti. Noti ilianza vizuri, nene, yenye kujiamini, halafu ikafa papo hapo, na katika uzi wa chini kabisa haikuwa noti tena, ilikuwa mshindo tu, mtu ameangusha gunia chumba cha pili. Katika nyimbo za haraka kasoro hiyo ilijificha. Katika nyimbo za polepole kulikuwa na mashimo, na Rajab aliyaziba kwa solo yake huku akinitazama pembeni.

Ya pili tuliiita ya Jeshi. Ilikuwa mali ya bendi ya kambini, nyeusi, ya Kizungu, na sajenti mmoja aliyeisimamia alitukopesha kwa sharti kwamba tupige katika mesi yao kila tukiitwa. Hakuna aliyefikiria kumkatalia. Shingo yake ilikuwa ndefu, imesuguliwa ikawa laini kama kikombe, na kila noti ilikuwa sawa na mwenzake, juu mpaka chini, haina inayopiga kelele wala inayonong'ona. Unagusa, inakuja, inakaa mpaka uiondoe. Nilipoipiga mara ya kwanza nilijiona fundi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba inamfanya kila mtu ajione fundi, na kwamba sauti yake, kwa usafi wake wote, haikuwa na mahali inapotoka. Lakini hayo ni maneno ya mzee. Nikiwa na miaka ishirini na miwili niliipenda kama mtu anavyopenda shati jipya, na nilipokuwa naifuta kwa kitambaa mambo mengine yote yalingoja.

Ya tatu aliitengeneza Taban. Yeye alikuwa Mkakwa kutoka Ludara, mwenye karakana Koboko mjini, kijana mwenzangu aliyenizidi miaka mitatu hivi. Alitengeneza milango, vitanda, na majeneza ya Wakristo, ingawa mwenyewe alikuwa Mwislamu. Siku moja alishuka kwenye lori uani kwa Mastula amebeba kitu kimefungwa katika blanketi. Mwili wa gita ulikuwa umekatwa kutoka mlango wa mvule wa ghala la zamani la pamba, na tundu la komeo lilikuwa bado linaonekana. Shingo ilikuwa ya mbao nyingine, nyekundu, kutoka ng'ambo Kongo. Sumaku alizitoa katika dainamo za taa za baiskeli, akazizungushia waya wa redio iliyoungua, kwa mkono, jioni nne. Funguo za kukazia nyuzi zilikuwa bolti, na bila spana huwezi kutuni. Tuliiita Mlango. Ilikuwa nzito, kingo zake zilinichoma mbavu, na shingo ilikuwa nene kiasi kwamba kidole gumba changu hakikujua pa kukaa. Halafu vyuma vya shingoni Taban alivipanga kwa sikio, cha saba kikakaa juu kidogo ya mahali pake, na ilibidi ubonyeze nyuma yake kwa upole la sivyo noti inapanda. Taban hakuhitaji kukumbushwa. Aliketi kwenye gogo la jiko, akapiga, na kila aliyekuwepo uani aliacha alichokuwa anafanya.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mfanyabiashara mmoja wa Koboko alikuwa anafungua baa mpya na alitaka bendi yetu ikae kwake miezi mingi, na Rajab alitaka kwenda na besi moja ya kudumu, maana amplifaya haikupenda kubadilishiwa gita kila saa. Wenzetu wote walitaka ya Jeshi. Nyekundu ilikuwa na nyuzi za kutu, Mlango ulikuwa na nyaya za breki za baiskeli, na ya Jeshi peke yake ilikuwa na nyuzi za kweli, mpya. Taban aliwasikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemeza kidevu chake kwenye mwili wa gita la Jeshi na kudonoa uzi bila amplifaya. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kupima. Alisema mfupa wa taya hausikii rangi.

"Nyinyi iko nasikia nyuzi," alisema. "Gita yenyewe bado hamujasikia."

"Sasa tafanya namna gani?" Rajab akauliza.

"Toa nyuzi ya Jeshi. Weka kwa hii, piga. Toa tena, weka kwa ile. Mutu moja apige, wimbo moja. Na wenye kusikia wasione."

Neno la mwisho ndilo lililomshika Rajab, kwa sababu wenye kusikia bila kuona tulikuwa nao tayari. Katika arusi za Wanubi wa wakati ule bendi ilikaa nje na wanaume, na wanawake walikuwa ndani ya ua, nyuma ya ukuta wa matete, wanapika na kupiga ngoma zao za doluka. Muziki wetu waliujua wote na vyombo vyetu hawakuvijua. Mastula alikuwa amepiga makofi kwa ajili ya Rajab miaka minane bila kujua gita lake lina rangi gani. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na arusi ya binti aitwaye Hawa. Ikaamuliwa tupige wimbo mmoja mara tatu katika alasiri hiyo, kwa besi tatu na seti moja ya nyuzi, na wanawake waseme. Rajab aliongeza jambo moja, kwa sauti yake ya chini, huku anakunja mikono ya shati. Kama ingechaguliwa Mlango, mwenye kupiga Koboko angekuwa Taban.

"Candia, usikasirike," aliniambia. "Hii inasikia mwenyewe tu. Wewe inakuumiza mikono. Utakaa hapa Arua, tukirudi tutaona."

Sikukasirika. Niliogopa. Bendi ndiyo iliyokuwa jina langu, shuleni sikurudi, kijijini walishasema waliyoyasema, na nje ya bendi nilikuwa kijana mwenye chumba kimoja na harufu ya vitunguu. Nilisema sawa. Taban alinitazama, kisha akarudi kwenye nyuzi zake. Alikuwa na haja yake pia, na hakuificha. Mwanamuziki mmoja wa Ariwara, upande wa Kongo, alimwahidi kwamba bendi ya Arua ikiichukua besi yake ataagiza sita, za bendi yake na za marafiki. Taban alitaka kutengeneza magita. Alisema mlango unatengenezwa ili ufungwe, na jeneza vivyo hivyo, na yeye alikuwa amechoka na vitu vya kufunga.

Siku ya arusi Taban alipanga kazi kwa uangalifu ambao sikuuelewa mpaka aliponieleza. Nyuzi zilitoka kwenye gita refu, kwa hiyo tungeanza na ya Jeshi, ifuate Mlango, ambao urefu wake ulikuwa karibu sawa, na Nyekundu imalizie. Uzi ukiukata utoshe gita fupi hauwezi tena kurudi kwenye refu, na wapigaji wengi wa enzi ile waliharibu seti nzima hivyo. Yeye hakukata, aliuviringisha tu kwenye ufunguo mpaka ukajaa. Aliketi chini mgongo ukigusa ukuta wa matete, kitambaa magotini, nyuzi nne zimelazwa juu yake kwa mpangilio, spana mkononi. Tulipiga wimbo kwa ya Jeshi. Tukapiga nyimbo nyingine bila besi wakati yeye anahamisha nyuzi, na wazee waliokuwa wanakula pilau hawakujali. Tukapiga tena kwa Mlango.

Nitasema nilichosikia, kwa kuwa ni wajibu wa maandishi kama haya. Ya Jeshi ilikuwa nzuri kama sikuzote. Lakini nyuzi zilezile, katika amplifaya ileile, kwa mikono yangu ileile isiyoupenda Mlango, zilitoa kitu kingine kabisa. Noti haikutoka kwenye spika ikatufikia. Ilikuwa imeshafika, ilitoka chini, ikapanda kwa miguu. Ilianza kwa kugonga kidogo, kidole juu ya mbao, ndipo ikafunguka, na ilipokufa ilikufa taratibu, kila noti kwa namna yake. Hata chuma cha saba kilichokosewa kilileta uchungu fulani katika wimbo ambao haukuwa nao. Nilijua pale pale, kabla ya wimbo kufika nusu. Nyuma ya matete ngoma za doluka zilianza kuingia bila kuitwa. Tulipopiga mara ya tatu, kwa Nyekundu, ngoma zilinyamaza.

Aliyetumwa kuchukua hukumu nilikuwa mimi, mpangaji wa Mastula, ninayeruhusiwa kufika hadi kwenye mwanya wa ukuta. Mastula alikuja na mwiko mkononi, jasho linamtoka.

"Ya kwanza iko safi," alisema. "Sawa na mutu ametoka kuoga. Lakini haina kazi, inasimama tu. Ya tatu, mimi nilifikiri stima imekwisha. Ile ya pili, mtoto yangu! Ile ya pili sufuria yangu ilikuwa inaitika. Hii wanawake yote waliacha kitunguu. Ambia Rajab, ya pili. Na asilete ingine hapa."

Nilitembea kutoka kwenye mwanya hadi kwa Rajab. Ni hatua kama ishirini. Nimezipiga hatua hizo mara nyingi tangu siku ile, na sijawahi kupata mahali katikati ambapo niliamua. Rajab aliinua kichwa. Nikasema, "Wamesema ya kwanza." Akaitikia kwa kichwa, akasema ndivyo hata yeye alivyofikiri, na kwa sauti yake ya chini likawa limekwisha. Wanawake walizijua besi kwa hesabu tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna aliyejua ipi ni ipi. Mastula mwenyewe alikuwa anasafiri wiki hiyo kwenda Bombo, kwa binti yake aliyekaribia kujifungua, na angekaa huko mpaka mtoto apate nguvu. Nilifikiri hayo yote baada ya kusema, si kabla. Kisha nilimtazama Taban. Alikuwa bado amekaa pale pale, mgongo kwenye matete, hatua tatu kutoka mahali Mastula aliposimama na ile sauti yake. Alikuwa anatoa nyuzi kwenye Nyekundu. Alizifuta moja moja, akazirudisha kwenye gita la Jeshi, akalituni, akanikabidhi.

"Haya," alisema. "Iko tayari."

Sikujua kama alisikia. Koboko tulihamia mwezi uliofuata, na kwa miezi sita niliishi na swali hilo karibu kila siku, maana karakana yake ilikuwa nyuma ya baa na chumba nilichopewa kilipakana nayo. Nililala kwenye kitanda alichokitengeneza. Mchana nilikula kwake, ugali wa muhogo na angara, samaki wa kukaushwa aliyepikwa kwa simsim, na mkewe alinipa kipande cha mkia kwa kuwa niliwahi kusema naupenda. Taban alizungumza juu ya mbao. Alinionyesha mabaki ya ile mbao nyekundu ya shingo, ambayo baba yake aliikausha miaka minne juu ya moshi wa jiko huko Ludara kabla hajampa, na akanipa niyagonge na kuyalinganisha na mbao mbichi. Mbichi ilijibu kwa kikohozi. Kavu ilijibu kwa jina lake. Alisema fundi anayetumia mbao mbichi ni mwizi, tofauti yake ni kwamba anaiba polepole. Mvua zilipoanza na gita la Jeshi likavimba shingo, nyuzi zikapanda hata mimi nikashindwa, alilichukua bila kuombwa, akaliweka kwenye jiliwa siku mbili, akachonga kibanzi chembamba kuliko ukucha na kukipenyeza pale shingo inapokutana na mwili. Liliporudi lilikuwa bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Nilimshukuru. Nilikuwa na maneno mengine mdomoni nikayameza pamoja na chai.

Alasiri moja nilikuwa nimelala chumbani, na upande wa pili wa ukuta nikasikia sauti ya mgeni. Alikuwa yule mwanamuziki wa Ariwara.

"Ile gita yako nilikuja kuiona Arua," alisema mgeni. "Waliniambia waliiacha. Mutu ya kule alisema iko mubaya?"

"Hapana. Walichagua ingine," Taban akajibu.

"Basi wale hawana masikio."

"Masikio wako nayo." Randa ilipita juu ya mbao mara mbili, tatu. "Kila mutu na haja yake."

"Mimi nitafanya namna gani? Wenzangu wanasema, kama watu ya Arua wamekataa, sisi tutabeba ya nini?"

Kisha mgeni, kwa aibu, aliuliza bei ya vitanda, na wakaelewana vitanda viwili. Nililala pale nikitazama bati. Niliona aibu, na hata hivyo jioni ile nilipiga vizuri. Hilo ndilo lililonishangaza na linanishangaza bado. Mikono haikujua kitu.

Kuelekea mwisho wa mwaka sajenti alihamishwa. Alikuja na gari akachukua gita la Jeshi mchana kweupe, hakutoa maelezo, na sisi tukamsaidia kulibeba. Nyekundu nayo shingo yake ilikuwa imepinda kwa joto la Koboko, haifai. Na arusi kubwa ilikuwa inatungoja Arua wiki hiyohiyo. Rajab alinituma kwa Taban. Nilimkuta anapiga msumari kwenye jeneza la mtoto, nikamweleza, na nilipokuwa natafuta namna ya kumaliza sentensi alishaingia ndani. Alirudi na Mlango katika blanketi lake. Ulikuwa na vumbi kidogo, lakini nyuzi za breki alikuwa amezilegeza shingo isichoke, kama anavyofanya mtu anayetegemea kuitwa tena. Seti yetu ya nyuzi ilikwenda na sajenti. Tungepiga kwa nyaya za breki, basi. Rajab alimwambia apige yeye, kama ilivyosemwa mwanzo. Taban alikataa. "Mimi iko na milango ya kumaliza," alisema, "lakini nitakuja kutuni. Candia hajui hii spana."

Arusi ilikuwa kwa jirani wa Mastula, uani, matete yaleyale au mengine kama hayo. Mastula alikuwa amerudi kutoka Bombo siku mbili kabla, na kwa siku hizo mbili nilijitafutia kazi mbali na jiko. Tulianza saa tisa. Nilibonyeza kwa nguvu zote, vidole vikachubuka, chuma cha saba nikakipapasa kama Taban alivyonionyesha, na hata kwa nyaya za baiskeli ile sauti ilitoka chini ikapanda. Hatukuwa tumefika kwenye kiitikio cha pili. Nyuma ya matete kelele za vyombo zilikoma zote kwa pamoja, halafu ikaja sauti ya Mastula, juu ya ngoma, juu ya amplifaya, juu ya kila kitu.

"Rajab! Hii ndio ya pili! Hii ndio ile ya arusi ya Hawa! Mimi nilituma Candia akuambie ya pili, wewe ulificha wapi mwaka muzima?"

Rajab alinyanyua mkono kutoka kwenye nyuzi. Bendi ilisimama, mmoja baada ya mwingine. Wanaume waliokuwa wanakula waligeuka, wazee wa mtaa, jamaa wa bwana arusi, maseremala wawili wa Arua waliokuja kama wageni.

"Candia," Rajab alisema. "Alikuambia ya pili?"

Nilifungua mdomo. Taban alikuwa amechutama karibu na amplifaya, spana mkononi, na alijibu bila kuinuka, haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu hilo tayari kwa muda mrefu.

"Mimi nilimuomba aseme ya kwanza."

"Wewe?"

"Shingo ilikuwa mbao bichi. Nilifanya haraka. Ingepinda Koboko mbele ya watu, mimi ningeaibika. Nikamuambia, Candia, tafadhali, sema ya kwanza, mimi nikaushe kwanza."

Mmoja wa wale maseremala alicheka. Rajab alimtazama Taban, akatikisa kichwa, akasema nyinyi mafundi mnapenda kusumbua watu, akaanza kuhesabu ili tuendelee. Moja, mbili. Nilikuwa na nafasi yote ile, kati ya moja na nne, ya kusema. Nilipiga.

Siku ile tulisifiwa sana. Rajab aliuchukua Mlango ukawa besi ya bendi mpaka vita vilipotutawanya, kila mtu na mpaka wake, na mpigaji wake nilikuwa mimi. Taban hakutengeneza gita lingine. Nilimuuliza mara moja kwa nini, na alisema hakuna aliyeagiza, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kuhusu ile siku hatukuzungumza kamwe, na simjui mtu mwingine ambaye angeweza kunitendea wema mkubwa namna ile na kuniacha niendelee kula kwake. Lakini watu wa Arua walilishika neno alilolisema. Tangu siku ile mtu akienda kumwagiza mlango, hata mtoto, alimuuliza kwanza, "Taban, mbao imekauka?" na wenzake wakacheka, naye akacheka nao, miaka nenda miaka rudi. Nilikwenda kumzika. Kaburi lilipokwisha kufunikwa na watu wameketi kusubiri chai, mzee mmoja aliyemfahamu tangu ujana alitikisa kichwa na kusema kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, fundi mzuri, ila mbao zake, mh, wakati mwingine alikuwa na haraka. Watu walicheka kidogo, kwa upendo, kama watu wanavyocheka msibani. Na mimi nilicheka.